Maganda ya Kilwa

Kila siku akitoka shuleni, kabla hata ya kunawa mikono ale bukari, yaani ugali, Najma alikuwa na kazi moja: kugeuza maganda. Watoto wengine wa mtaa wao wa Kampemba waliteka maji, waliuza makala, yale makaa ya kupikia, au walibeba wadogo zao mgongoni. Yeye alichuchumaa nyuma ya nyumba, mbele ya kipande cha bati, akapindua maganda ya mbegu moja moja ili kila upande upate jua. Bénie, rafiki yake wa darasani, alikuwa akimtania kwamba yeye ndiye mtoto pekee wa Lubumbashi anayelea takataka.

"Takataka zenyewe ndizo zinazonilipia shule," Najma alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Ilikuwa kweli. Papa yake, fundi Shafi, alitengeneza kalamu, na si zile za plastiki zinazovujia mfukoni. Alikata maganda makavu vipande vipande, akavipanga ndani ya kalibu, kisha akavimiminia resini, yaani maji mazito ambayo yakichanganywa na dawa yake huganda yakawa magumu kama kioo. Baadaye alifunga kipande hicho kwenye mashine ya kukereza. Mashine ilizunguka, patasi ikala kidogo kidogo, vumbi likaruka, na kalamu ikatokea. Ganda alilolipenda kuliko yote ni la flamboya, ule mti wa maua mekundu. Ndani yake mna vyumba vidogo vidogo vya mbegu vilivyopangana kama vidato vya ngazi, na resini ikiingia humo kila chumba hung'aa.

Lakini ganda lazima likauke sawasawa. Likibaki na unyevu, resini hutoa povu, na kalamu hupasuka mkononi mwa mteja. Kwa hiyo kazi ya Najma haikuwa mchezo, ingawa yeye mwenyewe aliipenda kama mtu anavyopenda kuosha sufuria.

Siku moja, kiangazi kikikaribia kwisha, alikuja Mama Albertine, nyanya yake Bénie. Watoto wote wa mtaa walimwita Nkambo, ndivyo watoto wa Katanga wanavyowaita nyanya zao. Alivaa nguo nyeusi, kwa sababu mumewe, mzee Floribert, fundi wa reli, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kifuani aliukumbatia mfuko wa kitambaa kama mtu aliyebeba mayai.

"Jambo, fundi."

"Jambo sana, Mama Albertine. Karibu, keti."

"Nimekuletea haya," alisema, akaufungua mfuko. Yalikuwa maganda ya flamboya, marefu, ya kahawia iliyoiva. "Ni ya mti wa kwetu kule Kilwa ya Katanga, kando ya ziwa. Floribert aliupanda kwa mkono wake mwaka tulipomzaa Gauthier. Sasa upepo umeuangusha. Shemeji yangu Ngosa amenitumia haya kwa lori. Siku ya kumaliza kilio, nitakapovua nguo hizi nyeusi, watoto wangu wote wanne watakuja. Nataka kila mmoja arudi kwake na kalamu yenye mti wa baba yake ndani. Kaburi haliwezi kubebwa, fundi. Kalamu inabebeka."

Shafi alisimama, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. "Hii ni amana, Mama. Nitaitunza."

Mgeni alipoondoka alimgeukia binti yake. "Umesikia, Najma? Haya usiyachanganye na mengine. Na kila unapotoka, uyaingize ndani kwanza. Mvua zimekaribia."

"Nimesikia, Papa."

Na alisikia kweli. Masikio ya mtoto huyu hayakuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa miguuni.

Siku chache baadaye papa yake alikwenda mjini kutafuta resini, na mama yake, Mama Habiba, alikuwa sokoni. Wasichana wa barabara ya pili walianza kucheza nzango, mchezo ule wa kuruka, kupiga makofi na kurusha mguu, na ukisikia makofi yale, kama wewe ni msichana wa Kampemba, miguu yako haikuombi ruhusa. Najma alitazama mbinguni. Mawingu yalikuwa mbali. Alijisemea kwamba atacheza mara moja tu, halafu atarudi. Loo! Nani aliwahi kucheza nzango mara moja tu?

Mvua ya kwanza ya mwaka ilianguka ghafla, yenye matone mazito. Najma alikimbia, lakini alipofika nyuma ya nyumba maganda ya Kilwa yalikuwa yanaelea juu ya bati kama samaki waliokufa.

Hapo ndipo alipofanya kosa la pili. Badala ya kuyaacha yapate jua la kesho, aliogopa papa yake asije akayakuta yamelowa. Aliwasha mbabula, lile jiko la makala, chini ya kibanda cha kupikia. Akaweka waya juu yake, na juu ya waya akayapanga maganda. Yalianza kutoa mvuke, naye akafurahi. Kisha akaona mvuke ni mdogo, akapepea moto. Kisha akasikia ndoo ya nje inafurika, akaenda kuisogeza. Huenda hujui, msomaji, lakini ganda la flamboya likishika moto huwaka kuliko karatasi. Aliporudi, miali ilikuwa inapanda kuelekea paa la kibanda. Alimwaga maji, moto ukazimika, na juu ya waya yakabaki makaa meusi yaliyopasukapasuka.

Alilia. Kisha, kwa sababu papa yake angerudi wakati wowote, aliacha kulia, akayazoa makaa yale akayatupa kwenye shimo la taka, akafunika kwa majivu.

Kesho yake akitoka shuleni hakupita njia ya siku zote. Alipita barabara moja yenye flamboya kandokando, akaokota maganda makavu yaliyoanguka chini, yenye ukubwa ule ule na rangi ile ile. Flamboya ni flamboya, alijiambia. Nani atajua? Akayaanika juani, na yalipokauka vizuri akayatia kwenye mfuko wa kitambaa wa Mama Albertine. Kisha akaufunga.

Na kweli, hakuna aliyejua. Shafi aliyakata maganda yale, akamimina resini ya rangi ya asali, akakereza kalamu nne, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Aliinua moja juani, akatabasamu.

"Hakuna hata tone la povu! Habiba, njoo uone. Mtoto wetu ameyakausha kama fundi mkubwa."

Mama Habiba alikuja, akaangalia, akampigia binti yake vigelegele. Mchana ule alimwekea kipande kikubwa cha samaki kuliko wote. Najma alikimega nusu, nusu nyingine akairudisha chunguni.

"Zipeleke wewe mwenyewe," papa yake alimwambia. "Uliyakausha wewe, shukrani uzipokee wewe."

"Si bora uende wewe, Papa?"

"Una haya? Nenda, mwanangu."

Naam, alikuwa na haya, ila siyo zile alizodhani papa yake.

Nyumbani kwa Mama Albertine, sebuleni, palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe na picha ya mzee Floribert, amevaa kofia yake ya reli. Mama Albertine alizipokea kalamu, akazitazama kwa muda mrefu. Alifuata vyumba vya mbegu kwa kidole, kimoja kimoja. Kisha akazipanga mbele ya picha, akaanza kuzungumza na mumewe kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula.

"Floribert, mti wako umefika. Unauona? Umetoka Kilwa mpaka hapa. Watoto watauchukua, kila mtu wake. Sasa pumzika."

Akalia. Najma alisimama karibu na mlango. Alitamani sakafu ipasuke. Mama Albertine aligeuka, akaishika mikono yake, mikono ile ile iliyookota maganda barabarani.

"Mungu abariki mikono hii, mutoto yangu. Unaijua kazi uliyonifanyia?"

Najma alifungua mdomo. Ukweli ulifika mpaka kwenye meno, ukarudi. "Ndiyo, Nkambo," alisema. Akapewa vitumbua vya moto ndani ya karatasi, akashukuru, akatoka mbio. Vitumbua vile aliwagawia watoto aliowakuta njiani, vyote, hakuonja hata kimoja.

Shuleni Bénie alikuwa na furaha. "Nkambo amelala vizuri, mara ya kwanza tangu mazishi. Kila asubuhi anazisalimia kalamu. Jumamosi, watu wakishatoka misani, atawaita papa yangu na ndugu zake, awape mbele ya jamaa wote na kuwaambia habari ya mti."

Najma alichora mistari mchangani kwa mguu. "Na kama maganda yangekuwa ya mti mwingine?"

"Mti mwingine gani?"

"Nauliza tu."

Bénie alifikiri. "Basi zingekuwa kalamu tu. Kalamu si ziko hata sokoni?"

Siku ile Najma hakusikia somo hata moja. Aliwaza juu ya Jumamosi, jamaa wote wamekaa, na yule mama anasimulia uongo bila kujua, kwa sababu yake. Kudanganya ni jambo baya. Lakini kumfanya mtu mwema adanganye badala yako, tena awadanganye watoto wake na marehemu wake, hilo lilimpa aibu iliyomchoma mpaka masikioni.

Aliporudi nyumbani mashine ilikuwa inanguruma. Alisimama nyuma ya papa yake.

"Papa, zima mashine."

"Nini?"

"Zima mashine, tafadhali."

Shafi aliizima. Najma alisema yote: nzango, mvua, mbabula, shimo la taka, barabara ya flamboya. Alisema akiangalia viatu vyake. Alipomaliza, aliinua macho. Papa yake alikuwa ameketi juu ya ndoo, ameweka patasi chini.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliogopa utanipiga."

"Nimewahi kukupiga lini?"

Kweli, papa yake hakuwahi. Machozi yalimtoka. "Niliogopa uso wako, Papa. Huu uso ulio nao sasa."

Shafi alipangusa vumbi usoni kwa kiganja, kana kwamba ingesaidia. "Nilipokea ile amana kwa mikono miwili," alisema polepole. "Nikamrudishia kitu kingine, nikamwambia ni chake. Mimi pia nimekuwa mwongo, na sikujua." Akasimama, akanawa, akavaa kofia yake. "Twende."

"Sasa hivi?"

"Unataka tungoje watoto wake wote wafike?"

"Basi sema wewe, Papa. Nakuomba."

"Mimi nitasimama karibu nawe, sitaondoka. Lakini maneno ni yako."

Sebuleni kwa Mama Albertine walimkuta pia Gauthier, baba yake Bénie, mtoto wa kwanza wa mzee Floribert, akisaidia kupanga viti vya Jumamosi. Bénie mwenyewe alikuwa anafagia. Afadhali wangekuwa watu kumi wageni, Najma aliwaza, kuliko hawa watatu anaowajua. Alipiga magoti mbele ya Mama Albertine, akasema. Safari hii maneno yalitoka haraka haraka, yakagongana, lakini yote yalitoka.

Ufagio wa Bénie ulisimama. Mama Albertine hakupiga kelele. Alikwenda mezani, akazichukua kalamu mbele ya picha, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo nimemdanganya Floribert," alisema. "Hata leo asubuhi nimemwambia, mti wako uko salama."

"Nisamehe, Nkambo."

"Usiniambie nikusamehe sasa. Acha kwanza niumie."

Gauthier alikuwa amekasirika. "Hata marehemu mnamtania? Lini yaliungua?"

"Siku ya mvua ya kwanza, Papa Gauthier."

Alitikisa kichwa, akatoa simu, akampigia baba yake mdogo, mzee Ngosa, huko Kilwa. Sauti ya mzee ilisikika sebule nzima.

"Maganda? Ayi! Si yamejaa hapa nyuma ya nyumba! Mti umelala, matawi yote tunayo, watoto wanayatikisa maganda kama kayamba, wanatupigia kelele kutwa. Kwa nini hamkusema mapema? Lori limetoka hapa juzi. Sasa mvua imekata njia, madereva wote wamekaa. Jumamosi hii? Haiwezekani, mwanangu."

Najma alisikia kila neno. Wakati wote aliamini kwamba hakuna maganda mengine duniani, na kwamba kosa lake halina dawa. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Ni woga wake tu. Kama angesema siku ile ile ya mvua, simu moja ingetosha, na lori lingeleta mfuko mwingine kabla ya Jumamosi.

Njiani kurudi papa yake alisema jambo moja tu: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndio tunaujenga sasa."

Jumamosi, Najma na Mama Habiba walikwenda kusaidia kuosha vyombo, kama majirani wafanyavyo. Mama Albertine alitokea amevaa kitenge kipya cha rangi ya samawati, watu wakapiga makofi na kuimba. Kabla ya chakula alisimama mbele ya jamaa.

"Nilitaka kuwapa watoto wangu kitu cha baba yao," alisema. "Hakiko tayari. Kitawafuata."

Lydie, kitinda mimba aliyetoka mbali kuliko wote, alishangaa. "Lakini Mama, uliniambia kwenye simu kwamba ziko tayari. Nimewaahidi watoto wangu."

"Nilikosea, mwanangu," Mama Albertine alijibu.

Hakumtaja mtu. Aliibeba aibu ile yeye mwenyewe, mbele ya wote, siku yake kubwa. Najma, kule nyuma kwenye beseni, alisikia, akainama juu ya sahani mpaka pua ikakaribia kugusa povu la sabuni. Angetukanwa, angepata nafuu. Bénie alipita akileta vyombo vichafu, akaviweka chini, akaenda zake bila kumwangalia.

Njia ilipofunguka, mfuko mpya ulifika. Watoto wa Mama Albertine walikuwa wamesharudi makwao zamani. Najma aliyatandaza maganda juu ya bati, akayageuza asubuhi kabla ya shule na alasiri baada ya shule, na kila alipotoka, hata kama anakwenda dukani kununua chumvi, aliyaingiza ndani. Makofi ya nzango yalisikika kutoka barabara ya pili. Siku moja Bénie alikuja, akachuchumaa upande mwingine wa bati, akaanza kugeuza naye. Hawakuzungumza sana siku ile, lakini kesho yake alirudi.

Kalamu zilipokuwa tayari, Najma hakungoja kutumwa. Alizipeleka kwa Mama Albertine, Bénie akiwa naye. Yule mama alizipokea, akaifuata ngazi ya mbegu kwa kidole, kisha akamtazama Najma usoni.

"Ni ya Kilwa?"

"Ni ya Kilwa, Nkambo."

"Kweli?"

"Kweli, Nkambo."

Mama Albertine aliendelea kumtazama, na Najma akaona jinsi anavyotafuta, kama mtu anayechagua maharage. Shavu lilimwaka. Mara ya kwanza hakuulizwa swali lolote.

"Unaona, mutoto yangu?" Mama Albertine alisema. "Zamani nisingekuuliza. Sasa nimekuuliza mara mbili, na bado moyo unataka kuuliza ya tatu. Sikuchukii. Maganda kuungua ni ajali, hata mimi nimeunguza vyungu vingi. Ule moto ulichoma maganda tu. Uongo ndio ulionichoma mimi. Siku nyingine ukikosea, na utakosea, njoo ukiwa bado na masizi mikononi, tutafute dawa pamoja. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Nkambo."

"Basi mimi nimeshakusamehe. Lakini kuna mwingine." Akazipanga kalamu mbele ya picha, akasogea pembeni. "Safari ile nilisema mimi. Leo mwambie wewe."

Najma alitazama ile kofia ya reli, na yale macho yaliyotulia. Hakuwahi kuzungumza na picha, na Bénie alikuwa nyuma yake anasikiliza.

"Jambo, Papa Floribert," alisema. "Mimi ni Najma, binti wa fundi Shafi. Ule mti wa kwanza niliokuletea ulikuwa wa barabarani, wako niliuunguza, nikaficha. Nkambo hakujua, usimlaumu." Akaisogeza kalamu moja karibu na picha. "Huu hapa ndio wako."